Budlea za Kijani Mwaka Mzima: Namna ya Kuotesha na Kupogoa Kichaka cha Vipepeo

Budlea ni kundi la vichaka na miti midogo lenye spishi zipatazo mia moja, ambazo kwa asili huota Afrika, Asia na Amerika. Jina la kisayansi la kundi hili, Buddleja, lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753 kwa heshima ya Adam Buddle, kasisi wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa mimea na aliyefariki mwaka 1715. Maua yake ni madogo sana yakitazamwa moja moja, lakini hukaa pamoja kwa mamia katika shada moja. Kila ua lina umbo la mrija mwembamba unaofunguka juu kwa ncha nne, na chini ya mrija huo ndiko kunakokaa mbochi. Mdudu asiye na ulimi mrefu huufikia kwa shida. Kipepeo ana ulimi wa kutosha, tena shada humpa mahali pa kutua na kunywa ua baada ya ua bila kuruka. Ndiyo maana mmea huu hujulikana duniani kote kama kichaka cha vipepeo.

Budlea iliyosambaa zaidi ni Buddleja davidii kutoka China, yenye mashada marefu ya zambarau, ambayo imepewa jina la mmisionari wa Kifaransa Armand David. Picha nyingi zinazoonekana kwenye vitabu vya bustani ni zake, na ushauri mwingi uliochapishwa umeandikwa kwa ajili yake. Hiyo ni budlea ya nchi za baridi. Majira ya baridi yakifika hupukutisha majani yake mengi au yote, kisha huanza upya. Kuna budlea nyingine zinazobaki na majani mwaka mzima, na kadhaa kati ya hizo ni za Afrika. Hizi zinahitaji matunzo tofauti, hasa katika upogoaji, na mtu anayezitunza kwa kanuni za ile ya China hubaki na kichaka chenye afya kisichotoa ua hata moja.

Kusema mmea haupukutishi majani si kusema jani halianguki kamwe. Majani ya chini na ya ndani huzeeka, hugeuka manjano na kudondoka kidogo kidogo, huku mapya yakichipua kwenye ncha. Ukame mkali ukizidi, kichaka huangusha majani mengi kwa mkupuo ili kuokoa maji. Hali hiyo isichukuliwe kuwa ugonjwa, wala isiwe sababu ya kung'oa mmea. Mvua ikirudi, majani hurudi. Spishi nyingi zina utando wa manyoya meupe au ya kijivu upande wa chini wa jani, na utando huo hupunguza upotevu wa maji kwenye jua kali. Ndio pia unaokipa kichaka rangi yake ya kijivu cha fedha upepo unapopindua majani.

Spishi inayofaa zaidi kwa bustani za nyanda za juu za Afrika Mashariki ni Buddleja salviifolia. Huota yenyewe kwenye miteremko ya milima, kingo za misitu na kando ya vijito, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Hukua kufikia mita 4 hadi 8 ikiachwa bila kukatwa, na matawi yake hutoka tangu chini, yakiinama kwa nje. Majani yake ni membamba, marefu, yenye mikunjo midogo inayoyafanya yakwaruze kidogo mkononi, na kwenye kitako cha jani huonekana vijisikio viwili vinavyokumbatia tawi. Hiyo ni alama nzuri ya kuitambua hata isipokuwa na maua. Maua ni meupe hadi zambarau hafifu, yana koo la rangi ya machungwa, na harufu yake tamu husikika mbali. Kusini mwa Afrika huchanua kati ya Agosti na Oktoba. Karibu na ikweta wakati wa maua hufuata zaidi mwenendo wa mvua za mahali husika. Nyuki huipenda sawa na vipepeo, kwa hiyo mwenye mizinga hupata faida mbili.

Jirani yake wa karibu ni Buddleja polystachya, ambayo makao yake ni nyanda za juu kuanzia Yemen na Ethiopia hadi Kenya, Uganda na Tanzania. Maua yake ni ya manjano yanayoelekea rangi ya machungwa. Bado ni nadra kuikuta kwenye vitalu vya biashara, jambo la kusikitisha kwa mmea ambao tayari umezoea udongo na hali ya hewa ya hapa. Anayeiona imeota kando ya barabara au kwenye kingo za shamba anaweza kuomba ruhusa ya mwenye ardhi na kuchukua vipandikizi vichache, bila kuung'oa mmea wenyewe. Ndani ya hifadhi za misitu mmea hauguswi bila kibali.

Kusini zaidi zipo Buddleja auriculata, yenye matawi yanayoning'inia na maua ya rangi ya maziwa yanayotoka wakati wa baridi, na Buddleja saligna, yenye majani membamba kama ya mzeituni na mashada mapana ya maua meupe. Hii ya pili huvumilia ukame na udongo duni kuliko nyingine, na hufaa pale mwenye bustani anapotaka mti mdogo kuliko kichaka. Kutoka Asia ipo Buddleja asiatica. Mashada yake meupe ni marefu na membamba, na harufu yake huenda ndiyo nzuri kupita zote.

Mbili zinahitaji tahadhari. Buddleja madagascariensis ya Madagaska ina majani ya kijani kilichokolea na maua ya rangi ya machungwa yanayovutia sana, lakini hutambaa na kupanda juu ya mimea mingine hadi kuifunika. Tofauti na budlea nyingi, hii huzaa matunda madogo yenye nyama ambayo ndege huyala na kuzitawanya mbegu zake. Huko Hawaii imekuwa kero kwa misitu ya asili. Nayo Buddleja davidii hutoa mbegu nyepesi kama vumbi kwa mamilioni; Uingereza imejaa kwenye kingo za reli na magofu, na New Zealand imevamia mashamba ya miti ya mbao. Kupanda mimea hii miwili karibu na msitu au mto si busara, na kwa kuwa zipo budlea za Kiafrika zenye uzuri uleule, hakuna haja ya kuihatarisha ardhi.

Mahali pa kupanda pawe na jua angalau saa sita kwa siku. Kivulini budlea huishi, lakini hurefuka ovyo ikitafuta mwanga na maua yake huwa machache; vipepeo nao hawaendi kivulini, kwa sababu miili yao huhitaji joto la jua ndipo waweze kuruka. Upepo mkali hupunguza ujio wao vilevile, kwa hiyo upande wa ukuta au ua unaokinga upepo bila kuzuia jua ndio bora. Kichaka hiki kipewe nafasi. Mche unaonunuliwa ukiwa na urefu wa goti huonekana mdogo, lakini baada ya miaka mitatu unaweza kuwa na upana wa mita 2 hadi 3. Kuupanda mita moja kutoka dirishani au kwenye njia ya miguu ni kujitwika kazi ya kuukata kila mara, na ukataji huo ndio unaomaliza maua.

Kuhusu udongo, jambo moja tu ndilo la lazima: maji yasituame. Budlea huvumilia kichanga, mawe, udongo duni na hata udongo wenye chokaa, ila mizizi yake huoza upesi ikikaa majini. Penye mfinyanzi mzito, kama ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ni afadhali kuinua tuta la sentimita 30 na kupanda juu yake kuliko kuchimba shimo litakalogeuka kisima wakati wa masika. Penye udongo wa tifutifu, shimo la upana na kina cha sentimita 50 linatosha. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na nusu debe la mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe shimoni kuuzunguka mche. Mche ukae kwenye kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni. Shina likifukiwa zaidi, gome huoza.

Samadi isizidishwe. Mtu aliyezoea kulima mboga huona fahari kuujaza mmea mbolea, lakini budlea iliyolishwa sana hutoa majani mapana na matawi laini yanayovunjika kwa upepo, na huchelewa kuchanua. Baada ya mwaka wa kwanza, karai moja ya mboji kuzunguka shina mvua zinapoanza inatosha kwa mwaka mzima.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua. Maeneo yenye masika na vuli huruhusu kupanda mara mbili kwa mwaka, ingawa masika ni salama zaidi kwa kuwa huipa mizizi muda mrefu wa kushuka. Njombe, Mbeya na Iringa, kwenye msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba ndiyo miezi ya kupanda. Penye jalidi, kama Makete na Kinangop, mche mchanga ufunikwe kwa nyasi usiku wa baridi katika mwaka wake wa kwanza. Ukishakomaa, salviifolia huistahimili baridi ya huko bila msaada.

Katika mwaka huo wa kwanza kumwagilia ni lazima wakati wa kiangazi. Ndoo moja ya lita 10 hadi 20 mara moja kwa wiki, ikimwagwa polepole ili izame, ina faida kuliko kikombe cha kila jioni, kwa sababu maji machache ya juu huifanya mizizi ibaki juu na kuufanya mmea umtegemee mwenye bustani daima. Matandazo ya nyasi kavu au majani yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 huhifadhi unyevu. Yasigusane na shina, na penye mchwa yakaguliwe mara kwa mara. Kuanzia mwaka wa pili, spishi za Kiafrika huhitaji maji pale tu kiangazi kinapovuka mipaka ya kawaida.

Anayekosa mche wa kununua hana sababu ya kukata tamaa, kwani budlea ni miongoni mwa vichaka rahisi kuzalisha kwa vipandikizi. Tawi linalofaa ni la msimu huo, ambalo sehemu yake ya chini imeanza kukakamaa huku ncha ikiwa bado laini, na lisiwe na maua. Hukatwa asubuhi likiwa bado limejaa maji, urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo ambapo jozi ya majani imetokea. Majani ya nusu ya chini huondolewa. Yaliyobaki, kama ni makubwa, hukatwa katikati ili yasipoteze maji mengi kabla mizizi haijatoka. Kipandikizi huchomekwa kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mtoni na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu, ndani ya chungu chenye matundu, na udongo hushindiliwa kwa vidole ili pasibaki nafasi ya hewa.

Unyevu wa hewa ndio unaoamua kama kipandikizi kitashika. Chupa kubwa ya plastiki ya maji, ikikatwa kitako na kufunikwa juu ya chungu, hutengeneza chumba kidogo chenye unyevu wa kutosha. Kizibo hufunguliwa kwa muda kila siku ili hewa ibadilike na ukungu usiote. Chungu kikae kwenye mwanga usio wa jua kali, mfano chini ya mti wenye kivuli chepesi au kwenye baraza. Kwa kawaida mizizi hutokea kati ya wiki nne na nane. Dalili yake ni majani mapya, na mmea kukataa kung'oka ukivutwa kwa upole. Hapo chupa huondolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Inafaa kuchomeka vipandikizi vingi kuliko mahitaji, kwa kuwa vingine huoza hata mikononi mwa mzoefu, na vinavyozidi hupata wenyewe kwa majirani.

Mbegu nazo zinawezekana. Ni ndogo mno, kwa hiyo hunyunyizwa juu ya udongo laini uliolowanishwa, bila kufukiwa kwa sababu huhitaji mwanga ili ziote, na maji hutolewa kwa kuloweka kitako cha trei badala ya kumwagia juu. Miche ya mbegu hutofautiana rangi na harufu, jambo ambalo wengine hulifurahia na wengine hawalitaki.

Upogoaji ndio sehemu inayokosewa zaidi. Buddleja davidii huchanua kwenye machipukizi ya mwaka uleule; ndiyo maana wakulima wa Ulaya huikata hadi karibu na ardhi mwishoni mwa baridi, nayo huchipua kwa nguvu na kuchanua miezi michache baadaye. Salviifolia, auriculata na asiatica hazifanyi hivyo. Hizi huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Anayeyakata kabla ya maua, akidhani anaukarabati mmea, hukata maua ya mwaka mzima. Kichaka kitachipua vizuri na kupendeza kwa majani, kisha msimu wa maua utapita patupu, na mwenyewe atalaumu udongo.

Kwa hiyo mkasi husubiri. Mashada yakishanyauka na kugeuka kahawia, ndipo kazi huanza, ili machipukizi mapya yapate miezi mingi ya kukomaa kabla ya msimu ujao wa maua. Mahali pasipo na majira ya baridi, kalenda ya kufuata ni kichaka chenyewe pamoja na mvua. Maua yakiisha karibu na mvua, upogoaji ufanywe mara moja. Yakiisha katikati ya kiangazi, yaondolewe kwanza mashada makavu peke yake, na ukataji mkubwa ungoje mvua ikaribie, kwa sababu tawi lililokatwa kwenye ukame huchipua kwa shida na wakati mwingine hukauka kabisa.

Kiasi cha kukata kila mwaka ni kama theluthi moja ya urefu wa tawi. Mkasi upite juu kidogo ya jozi ya majani. Kwa kuwa majani ya budlea hukaa mawili mawili yakielekeana, kila mkato huzaa matawi mawili, na hivyo kichaka hujaa. Mashina ya zamani yaliyokauka gome na kuzaa maua haba hukatwa kabisa kutoka chini, theluthi moja kila mwaka, kiasi kwamba baada ya miaka mitatu kichaka kizima kimefanywa upya bila kubaki wazi hata siku moja. Njia hii ina kazi zaidi kuliko kufyeka yote kwa panga, lakini ndiyo inayolinda faida kuu ya mmea huu, yaani kuwa na majani na maua kila mwaka. Kichaka kilichotelekezwa kwa miaka mingi kinaweza kukatwa hadi urefu wa sentimita 60 mwanzoni mwa mvua, mwenye bustani akijua kwamba mwaka huo hatapata maua.

Anayetaka ua wa kuzuia macho ya wapita njia apande miche kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5 na kuukata mara moja tu kwa mwaka, baada ya maua. Ua unaonyolewa kila mwezi uwe kama ukuta utabaki na majani ya kijivu tu, na vipepeo hawatakuwa na la kufuata.

Wadudu waharibifu si wengi. Wakati wa kiangazi kikali utitiri mwekundu hujificha chini ya majani na kuyafanya yawe na madoadoa meupe. Maji yanayorushwa kwa nguvu upande wa chini wa majani, mara mbili au tatu kwa wiki, huwapunguza. Vidukari kwenye ncha laini huondolewa kwa maji ya sabuni. Mche unaodumaa, na ukichimbuliwa mizizi ikaonekana ina vinundu, umeshambuliwa na minyoo fundo. Mche huo uondolewe pamoja na udongo wake, na mahali hapo pasipandwe budlea nyingine wala nyanya.

Dawa za kuua wadudu zisitumike kabisa kwenye kichaka hiki. Sumu haimchagui mdudu. Dawa iliyonyunyizwa kwa ajili ya vidukari hubaki kwenye ua na kumuua kipepeo aliyekuja kunywa, na nyuki hubeba mabaki yake hadi mzingani. Kupanda mmea wa kuwaita vipepeo kisha kuupulizia sumu ni kuwategea mtego.

Jambo la mwisho ambalo husahaulika ni kwamba budlea humlisha kipepeo aliyekomaa tu. Mbochi hauwafai viwavi. Kila aina ya kipepeo hutaga mayai kwenye mimea michache ambayo viwavi wake wanaweza kuila, na pasipo mimea hiyo wageni watakunywa na kuondoka. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, hutaga kwenye mndimu, mlimau na mchungwa. Kiwavi wake mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, na akikua huwa wa kijani. Akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mndimu uliokomaa hauumizwi na viwavi wachache, hivyo waachwe. Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, hutaga kwenye mimea ya utomvu mweupe kama Gomphocarpus. Mimea hiyo ina sumu, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto na mifugo. Vanessa cardui, ambaye vizazi vyake huhama kati ya Afrika na Ulaya kwa kuvuka Jangwa la Sahara, hutumia mibaruti na mimea ya jamii ya bamia pori. Kona moja ya magugu iliyoachwa nyuma ya kichaka ina thamani kuliko kichaka cha pili. Sahani pana yenye tope na maji kidogo nayo husaidia, kwa kuwa vipepeo, hasa madume, hufyonza chumvi kwenye udongo wenye unyevu.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, joto na unyevunyevu haviwi rafiki kwa salviifolia. Bustani za huko zitafanikiwa zaidi kwa Pentas lanceolata, mmea wa asili wa Afrika Mashariki wenye vishada vya nyota nyekundu, nyeupe au waridi, ambao vipepeo huutembelea karibu mwaka mzima. Lantana isipandwe, hata kama vipepeo wanaipenda, kwa kuwa imekwisha vamia malisho mengi. Kwa msomaji anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini, asiatica ni ya chungu kinachoingizwa ndani wakati wa baridi, na salviifolia hujaribiwa nje pale tu ambapo jalidi si kali, kwenye ukuta unaopata jua. Lakini kwa bustani ya Limuru, Arusha, Lushoto au Mbeya yenye nafasi ya kichaka kimoja cha maua, Buddleja salviifolia ndiyo ya kupanda, na mvua za kwanza ndizo wakati wake.